Kusubu alumini kwa shinikizo: majibu kuhusu upimaji wa papo kwa papo

Fundi, tuna eksirei mwisho wa laini. Vihisi vya nini tena?

Eksirei itakuonyesha kuwa kipande kina vitundu. Haikuambii kimevipata vipi, na ikishakuonyesha, mashine imeshatoa vingine vya namna hiyohiyo. Katika kusubu kwa shinikizo, alumini iliyoyeyuka husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, na huijaza kwa muda ambao mara nyingi haufiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hakuna jicho la fundi, awe mzoefu vipi, linaloyaona ya humo ndani.

Bajeti yetu ni ndogo. Tuanzie wapi?

Kwenye pistoni, ile inayosukuma alumini kuingia kalibuni. Kwa kila kipande, pimeni ilipo na shinikizo la mafuta yanayoisukuma, mpate mchoro wa safari yake. Mwanzo huenda polepole, kwa kawaida chini ya mita 1 kwa sekunde, ili hewa itoke bila kuchanganyika na alumini. Kisha hukimbia mita kadhaa kwa sekunde, ijaze kalibu kabla alumini haijaganda. Mwisho hukandamiza kwa shinikizo la mamia ya baa (baa 1 ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida), kwa sababu alumini ikiganda hunywea kwa takriban asilimia 6 ya ujazo wake.

Mbio zikianza mapema mno, hewa hufungiwa ndani. Zikichelewa, mtaona mikunjo ya baridi usoni mwa kipande, yaani mistari ambapo alumini imeanza kuganda kabla haijaungana. Mkandamizo ukichelewa, lango, yaani tundu ambalo alumini huingilia kalibuni, limeshaganda na nguvu haifiki ndani. Kihisi hichohicho kinawapa pia unene wa kisahani cha alumini kinachobaki mbele ya pistoni. Unene huo ukipandapanda na kushuka, kagueni umwagaji wa alumini mashineni kabla hamjagusa mipangilio ya mashine.

Mbona vipande vya kwanza vya asubuhi huwa vibovu?

Kalibu bado ni baridi. Kwa alumini inatakiwa ifike karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Wekeni themokapo (kihisi cha joto) ndani yake, na vya mwanzo virudi tanuruni hadi joto litulie.

Taa ya mfumo wa vihisi ilikuwa kijani zamu nzima, na bado mteja amerudisha mzigo. Lawama zimeniangukia mimi mwendeshaji.

Si haki, nami nalisema waziwazi. Taa ya kijani husema tu kwamba vipimo vimo ndani ya mipaka iliyowekwa. Aliyeiweka ni nani, na aliwahi kukata kipande akakitazama? Chagueni vipande vilivyokaribia ukingo wa mipaka, vipasueni, mwone ubovu unaanzia wapi, ndipo mbane mipaka. Kila kipande kipigwe namba inayolingana na mchoro wake, la sivyo hamtajua mnapasua kipi.

Halafu kuna jambo ambalo pistoni hailijui kamwe: hali ya alumini tanuruni. Ikiwa imeyeyuka, hubeba haidrojeni mara nyingi zaidi ya ikishaganda, na inapoganda gesi hiyo huacha vitundu. Gandisheni sampuli kwenye ombwe, yaani chomboni mlimonyonywa hewa, muikate. Ikiwa na vitundu vingi, pitisheni gesi kavu ya naitrojeni au agoni ndani ya alumini kabla ya kusubu.

Sisi tunasubu sufuria kwa mchanga. Haya yanatuhusu?

Ya pistoni, hapana. Themokapo, ndiyo tena sana. Alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660. Mkiipandisha kupita 750 bila sababu, inazidi kumeza haidrojeni. Na chakavu kikaushwe kabisa kabla hakijaingia tanuruni. Maji yakinaswa chini ya alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla, na mlipuko wake humrushia alumini ya moto kila aliye karibu.