Kabla ya Kuingia, Uliza Mlango wa Kutokea Uko Wapi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji aliyeanza kwa kuniita mwalimu, cheo ambacho sikukistahili lakini sikukikataa. Alinieleza kwamba amelipia huduma ya kuhifadhi tovuti kwa mwaka mzima, amenunua kiolezo cha ukurasa, amebadilisha rangi za maandishi mpaka zikamridhisha, na sasa anaomba nimshauri ni programu-jalizi zipi, yaani vipande vya programu vya kuongezea tovuti uwezo, aongeze ili wasomaji waanze kuja. Nilimuuliza ameandika makala ngapi. Akajibu: "Bado sijaandika, mwalimu. Nataka kwanza nyumba ikamilike."

Sikumcheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilitumia miezi saba kuchagua chombo cha kuchapishia na siku mbili tu kuandika makala ya kwanza, na ile miezi saba niliihesabu kuwa kazi.

Nilikuwa nimesikia kwamba WordPress, programu ya kujengea tovuti, ni ya bure, na ni kweli: programu hiyo, iliyotoka mwaka 2003, ina leseni inayomruhusu yeyote kuipakua, kuitumia na hata kuibadilisha. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba programu ya bure huhitaji seva ya kukaa, yaani kompyuta inayoiweka tovuti hewani, seva ina kodi yake, jina la tovuti lina ada yake ya kila mwaka, na juu ya hayo yote huhitajika mtu wa kusasisha, kulinda na kutengeneza panapoharibika, na mtu huyo nilikuwa mimi. Watu wengi huichanganya programu hiyo na WordPress.com, huduma iliyoanza mwaka 2005, ambayo hukupa ukurasa kwenye seva za wenyewe bila malipo, nao huweka matangazo yao humo. Mimi sikuichanganya, niliidharau. Nilijiona mtu wa kiwango cha kuwa na seva yake.

Nikapakia programu-jalizi 27. Kila moja nilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya uongo kidogo. Kulikuwa na ya kuharakisha ukurasa, na nyingine ya kuchunguza kwa nini ukurasa hauendi haraka. Siku moja kampuni iliyohifadhi tovuti ilisasisha PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo, na mojawapo ya programu-jalizi zile ikashindwa kwenda nayo, ukurasa wangu ukabaki mweupe kama karatasi. Sitakuchosha na wiki tatu zilizofuata. Inatosha kusema kwamba niliutengeneza, nikajivuna, na miezi michache baadaye taarifa za kulipia upya zikawa zinakwenda kwenye barua pepe ambayo nilikuwa nimeacha kuifungua. Nilipokuja kushtuka, akaunti ilikuwa imefutwa pamoja na makala 43. Kampuni hiyo sitaitaja, kwa kuwa mkataba uliwaruhusu na mimi niliukubali bila kuusoma, ila jibu lao bado linaniuma: baada ya barua yangu ndefu ya kusihi, walinijibu kwa sentensi moja ya kunishukuru kwa kuwa mteja wao.

Sikuwa na nakala hata moja, kwa sababu nilikuwa nikiandika moja kwa moja ndani ya kisanduku cha kivinjari na kubonyeza kitufe cha kuchapisha. Makala 11 nilizipata kwenye Wayback Machine, hazina ya kurasa za zamani inayoendeshwa na Internet Archive, ambayo ilikuwa imepita kwenye tovuti yangu na kuzinakili bila mimi kujua. Leo kila ninapochapisha makala, naingia huko na kuomba ukurasa huo uhifadhiwe. Ni bure, huchukua muda mfupi, na hakuna akaunti ya kufungua.

Tangu hapo, mtu akiniambia kuhusu chombo kipya, siulizi kina nini. Nauliza nikitaka kuondoka kesho nitatoka na nini mkononi. Ukiuliza hivyo, mjadala wa ni kipi bora hupungua sana. Blogger, huduma ya bure ya kuchapisha makala iliyoanza mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, ina sura ya kizamani na watu huibeza, lakini hukuruhusu kushusha makala na maoni yako yote katika faili moja. Usitegemee kuzikuta picha ndani ya faili hilo, zihifadhi kwako tangu mwanzo. WordPress.com nayo hutoa faili la aina hiyo. Substack, huduma ya kuwatumia wasomaji makala kwa barua pepe iliyoanza mwaka 2017, hukupa maandishi yako pamoja na orodha ya barua pepe za waliojiandikisha, jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko mapambo yote. Haitozi kitu mpaka uanze kuwatoza wasomaji, na hapo huchukua asilimia 10, mbali na makato ya malipo yenyewe. Ukinibana nikuchagulie, nitakuambia Blogger kama unataka ghala la makala na Substack kama unataka kuwafikia watu kwa barua, na baada ya hapo tafadhali usiniulize tena kuhusu rangi.

Utaniambia kwamba kampuni kubwa haziwezi kutoweka. GeoCities ilikuwa makao ya mamilioni ya kurasa za watu binafsi. Yahoo iliinunua mwaka 1999 na kuifunga mwaka 2009. Posterous, iliyopendwa kwa sababu uliweza kuchapisha kwa kutuma barua pepe tu, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012 na kufungwa mwaka uliofuata. Wenye nakala walihama na kazi zao. Wengine, naijua hali yao.

Bure na rahisi ni mambo mawili, na nimelipa kwa kuyachanganya. Baada ya msiba wangu nilikimbilia upande wa pili: nikasikia habari za GitHub Pages, ambayo huweka kurasa zako hewani bila malipo, na za Jekyll, programu inayogeuza faili za maandishi kuwa tovuti kamili isiyohitaji hifadhidata. Ni vyombo vizuri mno, na mwenye mkono wa ufundi atavipenda. Mimi niliandika amri, nikapata kosa, nikatafuta maana ya kosa, nikasakinisha kitu, nikapata kosa jingine, na mwisho wa wiki ya pili nilikuwa nimejifunza mengi ambayo sikuyahitaji na sijaandika aya hata moja. Chombo kinachokula saa zako za kuandika kina bei, hata kama hakikutumii ankara.

Kilichobaki kutoka kwenye safari hiyo ni Markdown, namna ya kuandika iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004, ambayo unaweza kuijua kwa muda usiozidi nusu saa: alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari hufanya kichwa cha habari, nyota mbili pande zote za neno hulikoleza, na mengine ni maandishi ya kawaida. Naandika katika programu nyepesi kabisa ya maandishi iliyokuja na kompyuta, nahifadhi kila makala kwa jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili faili zijipange zenyewe kwa tarehe, na baada ya hapo tu ndipo nafungua kivinjari. Faili la namna hiyo litafunguka kwenye simu na kwenye kompyuta yoyote, pamoja na zile ambazo bado hazijabuniwa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonipa ujasiri wa kuandika haya, nalo ni kijitabu changu cha kwanza cha kielektroniki nilichokimaliza mwezi uliopita bila kulipia programu yoyote. Sifichi kwamba nimekifungua kwenye simu mara nyingi kuliko inavyostahili. Nilitumia LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka, ambayo tangu toleo la 6.0 la mwaka 2018 hutoa faili la EPUB, aina ya faili ya vitabu vya kielektroniki, moja kwa moja. Siri, kama ni siri, ni kutumia mitindo ya vichwa iliyomo kwenye programu badala ya kukuza herufi kwa mkono, kwa kuwa orodha ya sura hujengwa kutokana na mitindo hiyo. Mimi nilikuza kwa mkono sura zote, nikapata kitabu kisicho na orodha ya sura, nikarudia upya. Usikubali pia kutoa PDF peke yake, maana ukurasa wa PDF haujipangi upya kwenye kioo kidogo na msomaji hulazimika kuvuta huku na kule kila mstari. EPUB kwa ndani ni kurasa za wavuti zilizofungwa pamoja katika faili moja la zip, ndiyo maana maandishi yake hujipanga kulingana na kioo. Hakikisha kwanza kwenye simu ya mtu mwingine, si yako.

Yule msomaji nilimwandikia haya yote kwa ufupi, nikamwomba anitumie makala moja, hata kama ni ndani ya barua pepe. Bado nasubiri. Kwa upande wangu, zile makala 32 ambazo hazikupatikana, 2 nimeziandika upya kutoka kichwani, na za nyingine nimebaki na vichwa vyake tu, nimeviorodhesha katika faili moja la maandishi matupu, nikaliwekea tarehe ya leo.