Napuliza Kila Wiki, Mende Hawaishi

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Jikoni kwangu kuna mende wadogo wa kahawia, sio yale makubwa yanayoruka, nikiwasha taa usiku wanatimka wote nyuma ya friji. Nina miezi mitatu napuliza dawa ya kopo kila wiki, wanakufa kadhaa halafu siku mbili tatu wako palepale, na sasa nimeanza kuwaona hadi chumbani! Juzi nimeponda mmoja ana kitu kama kijipochi kinaning'inia nyuma. Hawa ni watoto wa yale makubwa? Na kuna dawa kali zaidi ya hii?
Mama Aliyechoka

JIBU: Pole sana dada. Hao sio watoto, ni mende wazima kabisa wa aina yao. Ukimwona mende ana mabawa ujue huyo ameshakua, maana watoto wa mende wa aina yoyote hawana mabawa. Mwangalie mgongoni nyuma tu ya kichwa, kama kuna mistari miwili myeusi imekwenda sambamba na urefu wake ni kama milimita 13 hadi 16, basi huyo ni mende wa Kijerumani. Jina alipewa na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1767, ila Wajerumani wamesingiziwa bure, utafiti wa vinasaba uliotoka 2024 umeonyesha asili yake ni Asia ya Kusini.

Hicho kijipochi ndo kiini cha matatizo yako. Ndani yake kuna mayai kama 30 hadi 40, na wakati mende mkubwa anakiangusha chake mahali na kuondoka, huyu mdogo anatembea nacho karibu mwezi mzima mpaka yanakaribia kuanguliwa, amejificha zake kwenye ufa. Wewe unapuliza sakafuni, yeye yuko ndani ya bawaba ya kabati anakusikiliza tu.

Kuhusu dawa kali zaidi, hapana, na hiyo kopo iweke pembeni. Hawa mende wameshazoea sana dawa za jamii ya pairethroidi ambazo ndo zimejaa kwenye makopo mengi, tena wengi wakiisikia wanahama, kwa hiyo hao wa chumbani inawezekana kabisa umewapeleka mwenyewe (usijilaumu, wengi tunaanzia hapohapo).

Tafuta chambo cha jeli, soma lebo uone kama kina sumu inayoitwa fiproni (fipronil) au indoksakabu (indoxacarb). Weka vitone vidogovidogo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, vingi na sehemu nyingi: kwenye bawaba, chini ya sinki, karibu na mota ya friji, kwenye nyufa za ukuta, popote unapoona vidoti vyeusi maana hicho ni kinyesi chao na ndo kinachowaita wenzao wakusanyike. Uzuri wa jeli ni kwamba mende anakula anarudi kufia maskani, watoto ambao hata hawatoki nje wanakula kinyesi chake na mzoga wake, nao wanakufa. Usipulize chochote karibu na jeli, hawataigusa tena. Ikikauka weka nyingine, na wakiisusa badilisha aina, kuna mende wanaozaliwa na tabia ya kukataa sukari ya glukosi iliyomo kwenye chambo, hilo limejulikana tangu 1993. Weka mbali na watoto na wanyama.

Halafu maji. Bila chakula lakini maji yapo mende anaweza kufika mwezi, bila maji hata wiki mbili hamalizi. Kwa hiyo bomba linalovuja litengenezwe, na usiku sinki liachwe kavu. Tega na mitego ya gundi uhesabu kila wiki, namba ikishuka unajua jeli inafanya kazi, usiache mapema kwa sababu mayai yaliyobaki yataanguliwa na mtoto anakuwa mkubwa ndani ya miezi miwili au mitatu. Kama nyumbani kuna mwenye pumu, futa kile kinyesi kwa kitambaa chenye maji na sabuni, usifagie kikavu, vumbi lake linaamsha pumu.

SWALI: Vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyotoa mlio wa kufukuza mende, vinasaidia?
Msomaji

JIBU: Hapana. Nimewahi kumkuta mende amelala juu ya kimoja, nadhani alifuata joto.