Nasoma Jibu Moja Mara Tatu, Silielewi

SWALI

Ndugu Mshauri, nimekuwa mhadhiri wa chuo kikuu kwa miaka 9. Muhula huu nafundisha kozi 4, nasimamia tasnifu 11, na bado nadaiwa makala za kuchapishwa ndipo nifikiriwe kupandishwa cheo. Juzi usiku, kalamu nyekundu mkononi, nilisoma jibu moja la mtihani mara tatu nisielewe limesema nini. Siku hizi nawakwepa hata wanafunzi niliowapenda. Je, nimekuwa mvivu, au ninaumwa?

JIBU

Ndugu Mhadhiri, mvivu hakeshi na rundo la karatasi za mtihani. Hali yako inafanana sana na ile ambayo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliieleza kuwa ni tatizo la kikazi na si ugonjwa: msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa humfanya mtu aishiwe nguvu, ajitenge na kazi yake kimawazo, na aone kuwa hana tena ufanisi. Huko kuwakwepa wanafunzi ndiko kunakonihuzunisha zaidi, kwa sababu mara nyingi wao ndio waliomvuta mtu kwenye ualimu.

Chanzo, kwa maoni yangu, kimo katika ratiba yako. Mihadhara imepangiwa saa. Utafiti, ambao ndio unaopandisha cheo, mara nyingi haukupangiwa, wala kusoma sura ya tasnifu inayorudishwa kwa mara ya nne hakuhesabiwi popote, kwa hiyo vyote viwili vinakula usiku wako. Basi andika kwa wiki mbili kila saa unayoitumia kwa kazi ya chuo, kisha umpelekee mkuu wa idara hesabu hiyo pamoja na ombi moja mahususi, kama vile kupunguziwa kozi moja au kupewa msimamizi mwenza. Malalamiko ya jumla hujibiwa kwa pole tu.

Usiku ule ulipaswa kuiweka kalamu chini, kwa ajili yako na kwa ajili ya mtahiniwa, ambaye ana haki ya kusomwa na mtu aliye macho.

Ikiwa usingizi umekupotea kwa majuma, na huoni raha hata ukiwa mbali na kazi, huenda hiyo ni sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Muone daktari wiki hii, hata kama rundo hilo halijaisha.