Barua kwa mwanangu: raha ya hilo gari iko wapi

Mwanangu,

Salamu nyingi, huku wazima, baridi tu ndo haijaondoka. Ile voisi yako kuhusu MGB yangu, hiki kigari changu cha spoti cha zamani cha Kiingereza, nimeisikiliza, unasema "Mama, hivi raha ya hilo gari ni ipi hasa, halina kiyoyozi, halina pawa stering, linadondosha oili, na pesa hiyo ungepata Toyota safi au hata la umeme", alafu unacheka. Sikukasirika, swali zuri tu, ila kwa simu huwa unanikatiza kabla sijafika popote kwa hiyo leo nakuandikia, soma pole pole ukipata nafasi.

Nianze na hili la pesa manake najua ndo linalokuwasha. Watu wakiona gari dogo limefunuliwa paa, viti viwili, ringi za spoki, wanadhani ni mali ya malodi. Wapi! Hizi spoti za Kiingereza nyingi zilitengenezewa watu wa mshahara, na ujanja wake ulikuwa mmoja tu, unachukua injini na giaboksi za gari la familia ambalo kiwanda chako kinalitengeneza tayari, unazitia kwenye bodi jepesi, fupi, lililolala chini, basi, umeshapata spoti. MGB yangu hii ina injini ya sisi (cc) 1798 ya ukoo uleule wa Morris Oxford na Austin Cambridge, magari ya makarani na walimu wakuu. Triumph Spitfire ukiinama chini yake utaikuta Triumph Herald. Austin-Healey Sprite ya 1958, ambayo Waingereza wenyewe wanaiita jicho la chura kwa zile taa zilivyotokeza juu ya boneti, ina injini ya sisi 948, ya ukoo wa Morris Minor na Austin A35. Na Triumph TR2 ya 1953, hii ndo napenda kuisimulia, injini yake ni ndugu wa damu wa ile iliyofungwa kwenye trekta la Ferguson. Trekta mwanangu! Na watu wakaenda nayo maili mia kwa saa na zaidi.

Alafu kuna habari ya vita. Uingereza 1945 ilitoka na madeni mpaka shingoni, dola zinatafutwa kwa udi na uvumba, serikali ikawa inagawa chuma kwa viwanda vinavyouza nje kwanza. Askari wa Kimarekani waliokuwa huku walishaziona gari za MG, kampuni iliyotengeneza hili langu, na kuzipenda, kwao hakukuwa na kitu kidogo namna ile, basi MG TC ikaanza kuvuka bahari hata na usukani wake wa kulia, wao wanaendesha upande wa pili na hawakujali. Baada yake MGA, zaidi ya laki moja, alafu MGB kuanzia 1962 mpaka 1980, ukijumlisha na zile GT zenye paa la bati ni zaidi ya nusu milioni, na nyingi zikaenda hukohuko Marekani. Zote zinatoka Abingdon, dakika kama ishirini tu kutoka nyumbani kwangu hapa Oxford, kiwanda kilifungwa Oktoba 1980 lakini klabu ya MG mpaka leo ofisi yake iko palepale jirani.

Sasa ona faida ya wingi huo. Spea hazijaisha. British Motor Heritage tangu 1988 wanapiga bodi nzima mpya ya MGB kwa kutumia mashine na kalibu zilezile za kiwandani, unaweza kununua gari likiwa bati tupu! Pampu ya maji naagiza leo kesho iko mlangoni, na kwa bei yake wewe kwenye hilo Land Cruiser lako hupati hata kioo cha pembeni. Gari likishapita miaka 40 huku halilipi kodi ya barabara, na tangu 2018 hata ukaguzi wa kila mwaka si lazima (mimi napeleka vilevile, breki si kitu cha kubahatisha), kuingia London halitozwi ile tozo ya moshi, na bima ni rahisi kwa sababu wanajua kikongwe hakiendi mbali. Hiyo Toyota safi unayoniambia nikiinunua leo, miaka mitano tu sehemu kubwa ya pesa imeshaliwa. Langu bei yake iko palepale nilipolikuta. Kwa hiyo kwenye hesabu usinisumbue.

Lakini hesabu siyo sababu, najua hukuuliza hesabu. Umeuliza raha.

Haya. Wewe hapo Dubai unapanda Sheikh Zayed Road unaenda kilomita mia na ishirini, chai ya karak mkononi, kiyoyozi kinapuliza, na husikii kitu, ungekuwa umekaa sebuleni ni sawasawa. Ukifika hukumbuki hata ulipita wapi. Mimi maili arobaini na tano kwa saa kwenye ile B4507 kutoka Wantage kuelekea Ashbury, chini ya kilima cha Uffington chenye yule farasi mweupe aliyechorwa kwa chokaa miaka kama elfu tatu iliyopita, naona nimepaa. Kiti kiko chini kiasi kwamba nikinyoosha mkono nje ya mlango nakaribia kugusa lami. Usukani hauna msaada wowote, ukipita kwenye kokoto unazihisi viganjani, ukipita kwenye maji unajua ni maji, gurudumu la mbele likianza kuchoka kwenye kona usukani unalegea kidogo unakuambia kabla mambo hayajaharibika. Gia unabadilisha mwenyewe, kijiti kifupi, unakisukuma kwa kifundo cha mkono tu wala si bega, na ukikosea mwendo linakulalamikia hapohapo. Kuna na swichi ya overdraivu, ni kama gia ya ziada, ukiwa gia ya nne unaibonyeza injini inashusha pumzi, mlio unateremka, raha yake siwezi kuiandika. Harufu ya majani yaliyokatwa, ya ng'ombe, ya mkate ukipita kijijini, zote zinaingia. Shungi langu nalibana kwa pini na mtandio wa pamba juu yake, haliendi popote.

Nguvu yenyewe ni ndogo, farasi tisini na kitu, hako ka Kia ka jirani kananiacha kwenye mataa bila hata kujitahidi. Na hapo ndo penyewe. Gari lenye nguvu mia tano utalitumia lini kwa ukamilifu wake, kwenye barabara ipi, na leseni utabaki nayo? Hili langu nalitumia lote, mpaka mwisho wa pedali, nikiwa ndani ya sheria, na wala simtishi mtu. Ndo maana hata ukiniambia Jaguar E-Type, najua ilitikisa maonyesho ya magari ya Geneva 1961 na sikatai kwamba hakuna gari lililochorwa vizuri kulishinda, lakini leo nzuri inaweza kufika pauni laki moja na zaidi, mwenyewe akilitoa anatembea na roho mkononi, akiliegesha anasimama kulilinda. Mimi langu naenda nalo kununua vitunguu.

Na kitu kingine ambacho wewe injinia ungekielewa upesi kama ungekaa nalo siku mbili tatu. Fungua boneti ya gari lako utaona plastiki jeusi limeandikwa jina la kampuni. Fungua la kwangu unaona kila kitu kinachofanya kazi na unaona kinafanyaje. Kabureta mbili za SU, ukikanyaga mafuta pistoni ndani yake inapanda na sindano inapanda nayo, petroli zaidi inapita, ni hivyo tu, na juu yake kuna kikombe cha kutia oili kidogo kila mara, mimi mstaafu wa wodini natia mwenyewe bila fundi. Pointi za kwenye distributa unazipima kwa bati la fila, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, sehemu kumi na tano katika elfu ya inchi, ukishazipata ukaliwasha likakaa sailensa bila kukanyagwa mafuta linatulia, mwili mzima unatulia nalo. Spana zake lakini ni za inchi, usije ukaniletea seti ya milimita kama zawadi. Ringi za spoki zinafungwa na nati moja tu katikati, unaigonga kwa nyundo ya shaba, mara ya kwanza majirani walichungulia dirishani wakidhani navunja.

Miaka yote kazini nimezungukwa na mashine zinazolia na siruhusiwi kuzifungua. Hili nafungua.

Ubaya wake sikufichi. Adui namba moja ni kutu, na hasa kwenye masili, yale mabati ya chini ya milango, kwa sababu gari lisilo na paa nguvu yake yote iko hapo, masili yakioza gari linakunjika katikati taratibu na mlango unaanza kukataa kufunga. Turubai linavuja, kila turubai linavuja, asikudanganye mtu. Petroli ya siku hizi ya E10, yenye ethanoli zaidi, iliyoingia 2021 inakula mipira ya zamani kwa hiyo natia ile ghali yenye ethanoli kidogo. Umeme, hapo utasikia vichekesho vingi juu ya Lucas waliotengeneza nyaya na taa za magari haya, eti wao ndo wafalme wa giza, lakini mi naona wanaonewa, shida nyingi ni waya wa miaka hamsini, ethi (umeme unaporudi kupitia bodi) imeshika kutu, na fundi wa mtaani aliyeunga redio kwa meno. Safisha maungio, taa zinawaka. Na eabegi hamna, ABS ya breki hamna, hili ndo najua linakukosesha usingizi, kwa hiyo elewa kwamba usiku wa mvua kwenye motowei hunikuti humo, nachukua basi.

Nimekushuku kidogo lakini, swali lako limekuwa refu sana kwa mtu asiyetaka kununua. Kama ni hivyo sikia. Tafuta MGB ya bampa za kromu, kabla ya mwisho wa 1974, manake baada ya hapo kwa sababu ya sheria za Marekani waliifunga bampa nene nyeusi za mpira na kuinua bodi juu, ikawa inayumba kwenye kona, baadaye walirekebisha kidogo lakini sura haikurudi. Usiangalie rangi wala ngozi ya viti, lala chini utazame masili na sakafu, injini mbovu inatengenezeka kwa bei ya kueleweka, bodi bovu litakufilisi. Iwe na overdraivu. Na hukohuko Ghuba usilipeleke, joto lile litakuchemshia petroli kwenye paipu gari likuzimikie katikati ya foleni. Ukihamia Nairobi kama unavyosema, hapo sawa, hali ya hewa ni yake kabisa, na kuna yale mashindano ya uzuri wa magari, Concours d'Elegance, pale Ngong Racecourse, nenda kwanza ukawasikilize wenye magari, utajua fundi gani anaaminika na nani anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ukija Juni nitakupa ufunguo. Njoo na viatu vyembamba, pedali zimekaribiana hizo raba zako zitakanyaga mbili kwa mpigo, na sanduku moja dogo laini, siyo yale magumu ya magurudumu, kwenye buti tairi ya spea imelala hukohuko na nafasi iliyobaki ni ya mkoba. Kama mvua itanyesha siku hiyo utapanda treni, mi siendi kukuchukua Heathrow nimelowa.

Msalimie mkeo, na mjukuu wangu mwambie kiti cha pili ni chake akirefuka kidogo.

Mamako