Kuwafunga mateja wote hakumalizi unga

Ndugu, unauliza kwa nini serikali isiwasombe mateja wote, yaani waraibu wa heroini, iwatupe ndani ili unga huo ukose soko. Shida ni siku ya kutoka. Aliyekaa miezi bila heroini, mwili wake hauhimili tena kipimo cha zamani. Akirudi kijiweni akajidunga kile kile alichozoea, pumzi zinakata, midomo inageuka bluu, amekwenda. Wiki 2 za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi, inatuliza arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, na inaweza kuanzishwa humo humo gerezani. Wa kufungwa ni mapapa, wauzaji wakubwa wenye mzigo, ingawa hao kizimbani huwaoni mara nyingi.