Moto ukikaribia: gari lako limeelekea wapi?

Mhariri, swali lenu la wiki, "Moto wa msituni ukikaribia nyumba, utabeba nini kwanza?", limenigusa pabaya. Huku California watu hawafi kwa kusahau albamu ya harusi. Wanakufa kwa kuchelewa kutoka. Kwa hiyo najibu swali jingine: familia itoke saa ngapi, na mlango wa gereji utafunguka?

Chukueni mji wa Paradise, 8 Novemba 2018. Laini ya umeme iliwasha moto karibu na Pulga mnamo saa 12 na nusu asubuhi, upepo mkavu ukivuma. Kabla ya saa 2 nyumba za Paradise zilikuwa zinaungua. Cheche zilitangulia mbele ya moto wenyewe, zikaangukia majani makavu kwenye mifereji ya paa na chini ya sakafu za mbao. Na mji ule haukuwa umelala. Ulikuwa na kanda 14 za kuhama kwa zamu, na mazoezi yalishafanyika mwaka 2016. Zamu zikavurugika kwa sababu moto ulitua sehemu nyingi kwa pamoja. Tahadhari za simu zilitaka mtu awe amejiandikisha mapema, na wengi hawakuwa wamejiandikisha. Barabara kuu, Skyway, ilikuwa imepunguzwa katikati ya mji kutoka njia nne hadi mbili. Foleni ikaganda, watu wakaacha magari wakakimbia kwa miguu. Walikufa 85, wengi wao wazee, na wengi walikutwa majumbani mwao au jirani na nyumba.

Halafu gereji. Umeme hukatika mapema, na mota inayofungua mlango haifanyi kazi. Katika mioto ya Oktoba 2017 wapo waliokufa kwa kushindwa kutoa magari, ndiyo maana tangu Julai 2019 mota mpya zinazouzwa California lazima ziwe na betri ya akiba. Za zamani bado zimejaa. Mlango ukiwa umefungwa, vuta kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli, kisha inua kwa mikono miwili. Mlango ukiwa mzito kupita kiasi, springi imechoka: uzito wote ulikuwa unabebwa na mota, nawe hukujua. Jaribu leo. Uinue hadi nusu uuachie taratibu. Mlango usio na kasoro hubaki hapo hapo. Ukishatoa gari, ushushe, cheche zisiingie.

Gari liingizwe kinyumenyume, pua itazame barabara, tenki lisipungue nusu. Nguo ziwe za pamba, mikono mirefu. Nailoni huyeyuka mwilini. Paka afungiwe kwenye kikapu mapema, maana akinusa moshi ataingia uvunguni na hamtampata. Madirisha yafungwe, na msiache mpira wa bustani ukimwaga maji juu ya paa: mnawapunguzia zimamoto presha.

Nilikusudia kumalizia kwa kusema ondokeni mkiona moshi tu, habari ya mfuko wa dharura mtaijua huko mbele. Lakini nikiiangalia ile foleni ya Skyway, kila mtu akitoka kwa moshi wa mbali, wa kanda iliyo hatarini atapita wapi? Na anayerudi ndani kutafuta pasi za kusafiria na kadi ya ukaazi ndiye anayechelewa. Basi nakubali, mfuko. Dawa za wiki moja au mbili, nyaraka, miwani, chaja, barakoa za N95, maji, vyote vikae karibu na mlango kuanzia kiangazi kinapoanza. Ndio nitakaoubeba kwanza, na nitasubiri kanda yangu itajwe.

Ila kwa masharti. Ukiona cheche zinadondoka uani, usingoje kutajwa. Na penye mzee wa kubebwa au mgonjwa wa oksijeni, familia iondoke tangazo likiwa bado onyo tu, halijawa amri, mfuko uwe umefungwa au haujafungwa.