Kwa nini kimeta hurudi kwenye malisho yaleyale

Mkuu, umeuliza inakuwaje ng'ombe wako wafe kwa kimeta bondeni pale pale walipokufa wa marehemu baba yako, ilhali hakuna mfugo mgonjwa ulioletwa kutoka nje. Nimefanya kazi ya mifugo kwa wafugaji miaka mingi na swali hili nakutana nalo kila kiangazi.

Bakteria wa kimeta akiwa ndani ya damu ya ng'ombe ni dhaifu. Mzoga usipopasuliwa, uozo wenyewe humuua ndani ya siku chache. Balaa huanza damu ikimwagika nje. Hapo chakula kimekwisha na oksijeni ipo, basi bakteria hujigawa sehemu mbili zisizolingana: kubwa huimeza ndogo, huivika tabaka juu ya tabaka, huikamua maji na kuijaza kalisi. Kisha ile kubwa hupasuka ikafa. Inayobaki ni spora. Haili, haizaliani, na huweza kukaa udongoni miongo kadhaa. Waingereza walijaribu mabomu ya kimeta kisiwani Gruinard, Uskoti, mwaka 1942. Kisiwa kilifungwa hadi 1990, tena baada ya udongo kumwagiwa formalini, dawa kali ya kuua vijidudu.

Kiangazi nyasi zikiwa fupi, ng'ombe hula pamoja na udongo. Spora ikishaingia mwilini, huamka.

Kwa hiyo ng'ombe akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani na mkunduni, tumbo limevimba upesi na mwili haukakamai, nakusihi usimchune. Mwite afisa mifugo, achomwe au azikwe kwa kina hapo hapo. Najua inauma, ng'ombe mzima ni ada ya shule. Lakini kisu ndicho kinachompa bakteria hewa ya kugeuka spora. Nimeona wachunaji wenye kidonda cheusi katikati, malengelenge pembeni, na kwa kuwa hakiumi wanachelewa kwenda hospitali, wakati kikiwahiwa kinatibika vizuri.

Suala la chanjo. Tunayotumia ina spora hai za aina ya bakteria wa kimeta isiyo na gamba la nje, iliyopatikana na Max Sterne huko Onderstepoort, Afrika Kusini, miaka ya 1930. Kwa kuwa ni hai, usimchome ng'ombe penisilini wala antibiotiki nyingine siku hizo za chanjo, utaiua. Rudia kila mwaka, na kwa bonde lako chanja wiki chache kabla ya msimu wa ugonjwa, usingoje wa kwanza aanguke.